Bomba la Kinyozi

"Nilikukataza! Nilikukataza kwa mdomo wangu huu, ukaniitikia 'sawa, shemeji', kumbe kichwani mwako umeshapanga lako!"

Msusi alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya kazi, koleo mkononi, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara. "Koili yangu nikishaifunga haiguswi. Bomba si boksi. Sasa wewe na kimbelembele chako umeshika bisibisi, umejichokonolea, moto umekurukia, halafu unaniletea mkono wako hapa kama vile mimi ndiye niliyeuchoma!"

Aliyekuwa akipokea maneno hayo ni Kinyozi, mume wa mdogo wake. Alisimama mlangoni mwa duka la vepu, zile sigara za umeme, mkono wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni, ameuinua kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

"Shemeji, nilikaza skrubu moja tu," alisema. "Ilikuwa imelegea."

"Ilegee skrubu yangu mimi?"

"Ilikuwa inacheza. Niliigusa kwa kidole ikacheza."

"Hebu msikieni! Watu wote wa mji huu wanavuta koili zangu, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia skrubu inacheza. Wote hao hawana vidole, mwenye vidole ni wewe, mnyoa vichwa!"

Wateja waliokuwa wakionja ladha kwenye kaunta waliangua kicheko. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba, akajifanya anapanga chupa ili asionekane akicheka. Mmoja wa wateja akapata nguvu ya kuchangia: "Kinyozi, siku nyingine nyoa nywele. Usinyoe betri!"

Habari yenyewe ilikuwa imeshaenea mtaani. Jana yake Kinyozi alikuwa kazini, mteja kwenye kiti, akaamua kupumzika kidogo avute. Akabonyeza kitufe cha bomba lake, mara bomba likapata moto kama pasi, na kabla hajaliachia, betri ikatapika cheche na moshi mweusi ndani ya kiganja chake. Mteja hakusubiri kuuliza. Alitoka mbio na kitambaa cha kunyolea shingoni, upande mmoja wa kichwa uking'aa, upande wa pili kichaka, na watoto wakamsindikiza kwa makofi mpaka kwao.

Kinyozi alitia mkono wake mzima mfukoni, akatoa bomba lililobabuka, akaliweka juu ya meza ya Msusi taratibu, bila kulitupa. Afadhali angelitupa.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Akaondoka. Na Msusi akabaki na ushindi wake, akauzungusha mdomoni kama pipi mpaka jioni, kila mteja aliyeingia akisimuliwa upya.

Mwanamke huyu watu walimwita Msusi ingawa alikuwa hajasuka kichwa cha mtu siku nyingi. Alisuka tangu usichana, akakaa kwenye kigoda mpaka kiuno kikamgomea, na magoti ya wateja wake aliyajua kuliko nyuso zao. Siku moja mwenye duka alikuja kusukwa, huku analalamika kwamba koili anazonunua za jumla, vile visokoto vya waya vya kuchemshia maji ya vepu, zinaungua upesi na wateja wanamrudishia. Msusi, ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, akamwambia alete huo waya auone. Akaushika, akaukunja pande mbili, akausokota kwa vidole vyake vilevile vya kusokota rasta, akauzungusha kwenye msumari. Mwenye duka akaitazama ile koili, akasahau kwamba kichwa chake kimesukwa nusu. Kuanzia hapo Msusi akapewa meza pembeni mwa duka, taa ya kuinamisha, koleo, mita, na kiti chenye mgongo. Kiuno kikashukuru.

Ufundi aliujulia hapo hapo, kwa kuuliza na kwa kuunguza. Akaelewa mapema kuwa vifaa ni vya aina mbili na koili zake hazifanani. Boksi lina kompyuta ndogo ndani. Kabla halijapeleka umeme huipima koili, na likiona koili inataka kula kuliko betri inavyoweza kulisha, hupunguza au hugoma kabisa. Bomba halina hayo. Bomba ni mrija wa shaba tu, betri ndani, kitufe chini, koili juu. Ukibonyeza, betri na koili hukutana uso kwa uso bila msuluhishi. Kwa hiyo koili ya bomba lazima iwe na subira yake yenyewe, ile inayoupa umeme upinzani wa kutosha. Mita huisema subira hiyo kwa namba. Namba ikishuka, koili inakula kwa pupa.

Msusi alikuwa na sheria yake: bomba halishuki chini ya nukta tatu. Na kwa kuwa koili hufungwa mbili mbili, na zikifungwa pamoja namba ya moja hugawanyika nusu, za bomba alizitengeneza nukta sita kila moja, waya mwembamba, mizunguko sita. Za boksi alizitengeneza nukta tatu kila moja, waya mnene kidogo, mizunguko mitano. Kwa jicho la mpita njia ni kitu kilekile. Tofauti yao ni unywele mmoja wa unene na mzunguko mmoja wa waya, lakini vidole vya Msusi viliijua gizani.

Zamani, ili asichanganye, alizifunga za bomba uzi mweusi, kama alivyokuwa akifunga ncha za misuko. Wateja wakaanza mzaha. "Msusi, tunavuta moshi au tunaagua? Mbona umetufungia hirizi?" Mwenye duka akacheka, kisha akamwambia aache, zinaonekana za kienyeji. Msusi, ambaye aliweza kumjibu mtu yeyote kwa jambo lolote, kwa hilo hakujibu. Alichomwa. Akatupa uzi, akaanza kuziweka kwenye vifuniko viwili vya mikebe: cha bluu za bomba, cha njano za boksi.

Sasa jioni ile ya ugomvi, mwenye duka alipokwenda kuhesabu chupa stoo, Msusi alilifungua bomba la Kinyozi. Hakulifungua kwa wasiwasi. Alitaka ushahidi. Alijua atakuta koili za mitaani ambazo huyu bwana amezipachika mwenyewe, akazibebe hadi kwa mdogo wake, aziweke juu ya meza ya chakula na kusema, "Ona alichokifanya mumeo."

Akainamisha taa. Pamba ya kunyonya maji ya vepu ilikuwa mkaa. Akaipangua kwa ncha ya koleo mpaka koili zikaonekana, zimebadilika rangi lakini zima.

Waya wake ulisokotwa kwa kushoto.

Msusi ni mshoto. Hakuna mwingine mjini pale aliyesokota waya kwa kushoto. Hizo zilikuwa zake, hapakuwa na ubishi. Akaanza kuhesabu mizunguko. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akarudia koili ya pili. Tano. Akaweka kiti cha koili, kile kipande zinapokazwa, juu ya mita, na mita haikuwa na haya hata kidogo: nukta moja tano. Nusu ya sheria yake. Umeme mara mbili ya ule aliopanga.

"Si alikaza skrubu," alijisemea kwa sauti, kama kuna mtu aliyemuuliza.

Akaitazama skrubu iliyokazwa. Ilionekana wazi, ina mikwaruzo mipya. Akashika bisibisi, akailegeza kidogo tu, mguu wa koili moja ukaachia. Mita ikaruka. Nukta tatu.

Ile nukta tatu alikuwa ameshaiona. Aliiona siku aliyomfungia shemeji yake. Alikuwa amechukua koili mbili za boksi, akazifunga kwenye bomba, moja mguu wake haukukamatwa sawasawa, kwa hiyo mita ikasoma koili moja tu peke yake. Ikampa ileile namba aliyokuwa akiitafuta. Angebonyeza na kutazama, kama afanyavyo siku zote, angeona koili moja inawaka na nyingine imelala. Lakini siku ile Kinyozi alikuwa amekaa hapo mbele yake, na yeye alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyefumaniwa akiiba maji ya mfereji usiku, mdomo umemnogea, hakutaka kukatiza. Akaona namba, akatia pamba, akafunika. "Chukua, shemeji, na usiiguse." Na shemeji akakaa nayo siku kadhaa, akaona inavuta kinyonge, akagusa skrubu, ikacheza, akaikaza. Mtu yeyote angeikaza.

Lakini zilifikaje koili za boksi kwenye kifuniko cha bluu? Hilo nalo lilikuja lenyewe. Adhuhuri ya siku ile, kabla Kinyozi hajafika, alimwaga chupa ya maji ya vepu juu ya meza. Akamimina koili kwenye karatasi mbili, akafuta meza, akaosha vifuniko, akarudisha. Akarudisha kinyume.

Msusi alizima taa ya meza. Mwenye duka alipotoka stoo akamuuliza, "Vipi, umemkuta na makosa?"

"Tangu lini mjinga akakosa makosa," Msusi alijibu, na wakacheka wote wawili.

Njiani kuelekea nyumbani ndipo alipokumbuka jambo jingine. Adhuhuri ileile Dereva wa lori la mchanga alipita akanunua koili mbili za akiba, za mwisho kwenye kifuniko cha bluu, atazifunga mwenyewe huko safarini. Dereva naye anavuta bomba. Na bomba lake hulikalisha mfuko wa shati, upande wa moyo.

Asubuhi hakwenda dukani. Alikwenda moja kwa moja kwenye yadi ya mchanga, viatu vikazama, vumbi likampaka. Akamkuta Dereva chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Toka hapo chini tuongee!"

"Nani huyo anadai?" miguu iliuliza.

"Sidai. Zile koili za akiba umeshazifunga?"

Dereva akajitoa, uso mzima grisi. "Bado. Hizi za zamani nazivumilia. Kwani vipi?"

Msusi alishusha pumzi. Hapo ndipo palipokuwa pahali pake pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, hakuna aliyeumia, maneno yenyewe yalikuwa machache: nimekosea, nipe. Alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Waya ule una kutu," alisema. "Umekuja mbovu tangu kiwandani. Nimekuletea nyingine."

Dereva alipanda kwenye lori, akapekua, akamrudishia kijifuko chake. Kisha akamtazama kwa macho ya kumsifu, na hilo ndilo lililomuumiza. "Ndiyo maana mimi kwako sihami. Fundi gani mwingine angenifuata mpaka huku mchangani kwa sababu ya kutu? Wengine wangeacha nife. Halafu kuna watu kama yule shemeji yako, anapewa kitu kizuri anajilipua nacho!"

Akacheka. Msusi naye akacheka. Kicheko kilimtoka kikavu, akasingizia vumbi.

Watu wenye ulimi mrefu wana shida moja ambayo watu wapole hawaijui. Mpole akikosea husema neno moja, yakaisha. Mwenye ulimi mrefu amekwisha kusema maneno mia, na kila moja lazima alifuate huko lilikokwenda. Msusi aliyafikiria maneno yake na kuona yamefika mbali mno. Yalikuwa dukani, barabarani, kwenye benchi la kinyozi, kisimani. Kila alipokutana na mtu aliulizwa habari za "fundi betri", na kila mara alipaswa ama kucheka ama kukiri, naye akacheka. Kazini akawa anapima kila koili mara tatu. Uzi mweusi akaurudisha, na mteja aliyefungua kinywa kutania alitazamwa kwa jicho ambalo lilimfunga kinywa.

Alijipa moyo kwa ile skrubu. Si aliikaza? Aliikaza. Nilimwambia asiguse? Nilimwambia. Alilala na hoja hiyo na kuamka nayo, na kila asubuhi aliikuta imechakaa zaidi.

Kisha Kinyozi akaja.

Alikuja nyumbani kwake, mchana wa siku ya mapumziko, amevaa shati safi ambalo vifungo vyake vilionyesha amevishwa na mtu mwingine. Mkono ulikuwa bado kwenye bandeji. Katika mkono mzima alishika kilo ya sukari. Msusi alipomwona mlangoni akajua kimenuka. Akamkaribisha, akampa kiti, akabaki amesimama.

"Shemeji," Kinyozi alianza, na akatazama sakafu. "Nimekuja tumalize."

"Tumalize nini?"

"Yale ya siku ile. Nimekaa nimefikiri. Mdogo wako amenisema sana, na nimeona ana haki. Uliniambia nisiguse, nikagusa. Nilikuja dukani kwako mbele ya wateja wako, nikataka kukuharibia jina kwa ujinga wangu mwenyewe. Wewe unatafuta riziki pale." Akaweka sukari juu ya meza. "Nisamehe."

Kulikuwa na nzi mmoja ndani ya chumba, na Msusi alimsikia kila alipogonga kioo. Bomba la Kinyozi lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, limeviringwa kanga, hatua chache kutoka miguu ya mwenyewe. Alifungua kinywa.

"Yamekwisha, shemeji," alisema. "Nimekusamehe."

Na kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kuishia hapo, akaongeza: "Siku nyingine uwe unasikia."

"Nitasikia," alisema Kinyozi.

Alipoondoka, Msusi alikaa kwenye kiti kilekile alichokikalia shemeji yake, bado cha moto. Alikuwa ameshawahi kudanganya maishani, nani hajawahi? Amewahi kumwambia mteja msuko umempendeza wakati ulimfanya afanane na jogoo aliyenyeshewa. Lakini hakuwahi kuketi mbele ya mtu aliyemuunguza, akapokea radhi yake, akamkaripia juu yake. Uso ulimwaka hali yuko peke yake. Ile sukari aliipeleka kwa jirani kabla jioni haijaingia, na jirani alipomshukuru na kumwombea heri, aliondoka bila kuitikia.

Juma lilipopinduka mdogo wake akamwita aje wale pamoja, kwa kuwa sasa wamepatana. Angekataa angeulizwa kwa nini. Akaenda.

Mdogo mtu alikuwa amechangamka, anapakua na kusema, anasema na kupakua. Kinyozi alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, chakula kikimdondoka. Kazini alikuwa amemweka kijana wa kuazima anyoe, yeye anakaa kwenye benchi la wateja katika duka lake mwenyewe na kutazama.

"Dada, huyu bwana siku hizi amekuwa mwema!" mdogo mtu alisema, akimwonyesha mumewe kwa mwiko. "Zamani fundi wa kila kitu, redio anafungua yeye, mfereji anafungua yeye. Sasa hata taa ikiungua ananiuliza, 'Niibadilishe au tuite mtu?' Si ndiyo, baba? Jana amesimama chini ya taa kama anaiogopa!"

"Bora kuuliza," alisema Kinyozi, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko cha mtu anayejitangulia kabla hajachekwa.

Msusi aliweka kijiko chini. Aliangalia mkono ule wa bandeji ukiwa umelazwa mezani pembeni ya sahani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, akaona kwamba amechoma zaidi ya ngozi. Mtu huyu alikuwa hodari wa mikono. Alikuwa haogopi skrubu.

"Dada, mbona huli? Chumvi imezidi?"

"Nimeshiba. Shemeji, nisindikize kidogo."

Walitembea mpaka kwenye kona ambapo mtengeneza baiskeli alikuwa ameshafunga. Msusi alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alianza sentensi akaiacha, akaanza nyingine akaiacha.

"Unaumwa?" Kinyozi aliuliza.

"Skrubu ilikuwa imelegea," alisema. "Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyeiacha hivyo. Na koili zenyewe hazikuwa za bomba, nilikufungia za boksi. Nilichanganya. Ungeikaza leo, ungeikaza kesho, bomba lingekuunguza tu. Yeyote angeikaza."

Kinyozi alimtazama kama anayesikiliza mashine na kutafuta kelele inatokea wapi.

"Umejua lini?"

"Jioni ileile. Uliponiachia bomba."

"Kabla sijaja kwako na sukari?"

"Kabla."

"Na ukanisamehe."

"Nikakusamehe."

"Ukaniambia niwe nasikia."

Msusi aliinamisha kichwa. Alingoja atukanwe, na aliyataka matusi, kwa sababu matusi alijua namna ya kuyabeba. Hakutukanwa.

"Mimi mkono utapona," Kinyozi alisema hatimaye. "Daktari ameshasema nitashika mashine. Tiba sitaki unilipe. Lakini una deni kwangu, shemeji, na si la fedha. Ulinivua nguo mbele za watu. Kunivisha hapa kizani kwenye kona, mimi na wewe, hakunisaidii. Waliocheka wako pale dukani kwangu kila Jumamosi."

"Mbele ya wote?"

"Ulipokuwa unanisema uliwachagua?"

Jumamosi hiyo Msusi alivaa gauni la kutokea, akalivua, akavaa la kazini. Alipofika kwenye duka la Kinyozi benchi lilikuwa limejaa, na wengine wamesimama. Yule kijana wa kuazima alikuwa ananyoa, Kinyozi amekaa pembeni, mkono kwenye paja. Redio ilikuwa inapiga kelele. Na kwenye benchi, miguu ameinyoosha, yupo Dereva wa lori la mchanga.

"Ah, mzalishaji wa moshi!" mmoja aliita. "Umekuja kumkagua fundi betri?"

"Zima redio," Msusi alisema.

Mtu akaizima. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwenye jua, na hakujua mikono aiweke wapi. Aliitia mifukoni, akaitoa.

"Huyu shemeji yangu," alisema, "nilisema amechokonoa koili. Nilisema kimbelembele. Nikasema na mengine." Akamwelekezea Kinyozi kidevu. "Hakuchokonoa. Koili nilifunga mimi vibaya. Za boksi nimezitia kwenye bomba, na skrubu nikaiacha. Kisha nikajua, nikanyamaza. Akaja kuniomba radhi, nikaipokea."

Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma hewani, kijana wa kuazima ameiinua juu ya kichwa cha mteja. Dereva alikuwa amekunja miguu yake taratibu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Zile zangu za akiba. Ile kutu."

"Haikuwapo kutu."

"Sasa ilikuwa nini?"

"Kutu ni mimi."

Dereva alishika mfuko wa shati lake. Kisha akatoa bomba lake akalitazama, na watu wengine wawili nao wakatoa ya kwao, wakayashika mbali na miili yao kama watu walioshikishwa nyoka. Mmoja akauliza, "Na hili langu?"

"Leteni yote. Nitayafungua yote, bure, mkiwa mnatazama. Mwenye kutaka kwenda kwa fundi mwingine aende, sina la kusema."

"Wewe huna la kusema!" mwingine alidakia kutoka nyuma, na hapo kicheko kilichokuwa kimebanwa kikafumuka. "Andikeni tarehe, jamani! Msusi hana la kusema! Mama, rudi kwenye nywele, nywele hazilipuki! Au na nywele ulikuwa unawafungia wenzio za watu wengine?"

Benchi zima lilipasuka. Msusi alisimama palepale akapokea. Jibu lilimjia, alikuwa nalo tayari, kali, la kumkalisha yule mtu mpaka mwakani, akalimeza. Macho yalianza kumchoma. Akajiambia hatalia mbele ya vichwa vilivyonyolewa nusu.

"Basi!" ilikuwa sauti ya Kinyozi. Alikuwa amesimama. "Basi, imetosha. Huyu ni shemeji yangu. Wa kumcheka ni mimi, na mimi sijacheka. Mwenye kichwa cha kunyoa akae, asiye nacho atoke nje."

Kicheko kikafifia, kikaishia kwenye kikohozi. Kinyozi alimsogelea Msusi mpaka akawa karibu, akaongea kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana hata benchi lisisikie.

"Nilitaka useme mpaka mwisho. Sasa naona inatosha. Iliyobaki nimekuachia."

"Bado sijamwambia mwenye duka—"

"Nimekuachia, shemeji. Hudaiwi." Akamgusa bega kwa mkono wake wa kushoto, akamsukuma kidogo pembeni. "Sasa toka hapo mlangoni, unamzibia kijana mwanga."